Nafasi ya Jozi ya Tatu

Katika klabu za ngoma za Uskoti mgeni hapangwi mbele, wala hapangwi mwisho. Watu wanane husimama katika mistari miwili inayotazamana, wanaume huku na wanawake kule, jozi nne kutoka juu hadi chini. Juu ni kule waliko wapiga muziki. Aliyekuja kwa mara ya kwanza huambiwa asimame jozi ya tatu. Jozi ya kwanza inacheza duru mbili kisha inashuka hadi chini. Ya pili, ambayo sasa imepanda juu, nayo inacheza mbili. Muda huo mgeni hakai bure. Anashikwa mkono, anazungushwa, anarudishwa mahali pake, anapandishwa hatua moja bila kujua kwamba amepanda. Zamu yake inapofika, ameuona mchezo mara nne, mara kadhaa kati ya hizo akiwamo kama mtu wa pembeni, na miguu imeshazoea kitu ambacho kichwa bado kinakibishia.

Haya nilielezwa na mama mdogo wangu, binti wa Bagira hapa Bukavu, ambaye siku hizi ni mtu wa Glasgow. Wakongo si wachache huko. Tangu mwaka 2000, serikali ya Uingereza ilipoanza kuwasambaza waomba hifadhi nje ya London, mji ule umewapokea wengi, na watu wa Kivu wamo. Jirani yake, mwanamke mzee wanayesali naye kanisa moja, alimwambia waende wote Jumanne kwenye ukumbi wa kanisa, kuna ngoma, na katikati ya ngoma kuna chai na biskuti. Alikwenda kwa ajili ya chai. Usiku ule akanitumia sauti kwa WhatsApp, kicheko kinamkata maneno: "Papa, huku bazungu banacheza sawa basoda, lakini banacheka." Yaani wanacheza kama askari, lakini wanacheka. Ananiita papa kwa sababu nimebeba jina la baba yake.

Tangu hapo napokea habari za klabu ile kana kwamba nami ni mwanachama niliyesafiri. Najua kwamba sakafu ni ya mbao. Najua kwamba viatu ni vya ngozi laini visivyo na kisigino, vinafungwa kwa kamba, na mtu akivivaa anaisikia sakafu. Msimu unafunguliwa baridi inapoanza kubisha hodi na unafungwa jioni zinaporefuka tena. Mwalimu anaeleza mchezo, watu wanautembea taratibu bila muziki, halafu kodiani na fidla zinaingia na hakuna tena wa kuuliza. Ipo michezo ya haraka, rili na jigi, na ipo ile ya polepole, strathspey, iliyochukua jina la bonde la mto Spey. Mama mdogo haipendi ya polepole. Ya haraka inaficha makosa, anasema. Ya polepole inakuacha peke yako na goti lako.

Wanawake ni wengi kuliko wanaume, basi mara nyingi mwanamke anasimama upande wa wanaume na hakuna anayeona ajabu. Yeye mwenyewe amesimama huko mpaka sasa akirudishwa upande wake anakosea. Mlangoni kuna kikapu cha ada ya ukumbi na daftari la majina. Na mtu asipoonekana Jumanne mbili mfululizo, ya tatu inamkuta na simu: uko mzima? Mwanzoni alidhani ni upelelezi. Mtu aliyepita katika kambi na ofisi za uhamiaji ana sababu ya kuogopa daftari lenye jina lake. Baadaye akaelewa kwamba wanampigia kwa sababu wanamhitaji, na wanamhitaji kwa sababu ya hesabu: bila yeye wako saba.

Zipo ngoma ambazo mmoja akitoka hazipungukiwi kitu. Rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021 kwa ombi la Kongo zote mbili, inatosheka na watu wawili. Nimewahi kumwona mzee akiicheza vizuri kabisa na chupa ya bia ya Primus. Sebene ikipanda, watu mia wakicheza na thelathini wakaenda zao kutafuta pikipiki, waliobaki hawageuzi shingo. Ngoma ya jozi nne haina upole huo. Mkono ulionyooshwa kumpokea mtu wa kulia lazima ukute mkono. Usipoukuta, anayefuata anachelewa, na wa baada yake anafika mahali ambapo bado pana mtu. Wachezaji wazoefu wana njia yao ya kuvuka janga hili: wanamwachia aliyekosekana nafasi yake tupu, wanaizunguka kana kwamba yumo, wanampa mkono hewani. Wanamwita mzimu. Wanacheza na mzimu hadi muziki uishe, kwa adabu, kila mmoja akikumbuka mwenzao asiyekuwepo alipaswa kuwa wapi kwa wakati ule.

Nilipolisikia hilo sikulicheka.

Mtu anaweza kudhani ngoma hizi zimeshuka kutoka milima ya Uskoti pamoja na ukungu. Sivyo. Nyingi zilichezwa katika kumbi za mijini karne ya 18, na zina ndugu zao Uingereza na Ufaransa. Kufikia baada ya Vita Kuu ya Kwanza zilikuwa zinapotea. Ndipo Ysobel Stewart wa Fasnacloich, mwanamke wa chama cha wasichana maskauti aliyetafuta kitabu cha ngoma za kwao cha kuwafundishia mabinti, akakutanishwa na Jean Milligan, mwalimu wa mazoezi ya mwili katika chuo cha ualimu cha Jordanhill. Tarehe 26 Novemba 1923 wakaitisha mkutano Glasgow, chama kikazaliwa. Wakapekua vitabu vya zamani na kuwauliza wazee, kisha wakaamua: mguu unyooshwe hivi, mkono ushikwe hivi, duru iishie hapa. Mwaka 1927 wakaanzisha shule ya kiangazi mjini St Andrews, na mwaka 1951 chama kikaruhusiwa kujiita cha kifalme. Leo kina matawi hadi Tokyo. Wapo waliolalamika kwamba mabibi wale waliisafisha ngoma kupita kiasi, wakaitoa ghalani kwa wakulima na kuivika glavu. Inawezekana. Lakini nikifikiria nchi iliyotoka vitani na majina ya wanaume wake yamechongwa kwenye mawe ya kila kijiji, halafu wanawake wawili wanakaa kupanga upya nani asimame wapi, naona walikuwa na kazi kubwa kuliko kunyoosha vidole vya miguu.

Mwaka 1983 Eric Hobsbawm na Terence Ranger walihariri kitabu mashuhuri kuhusu mila zilizobuniwa zikapewa umri zisiokuwa nao. Mle ndani Hugh Trevor-Roper aliiandama sketi ya Kiskoti bila huruma, akionyesha kwamba ile fupi tunayoijua ni ya karne ya 18 tu na kwamba Mwingereza mwenye kiwanda cha chuma alikuwa na mkono katika kuibuni. Waskoti wengi hawakufurahi. Kinachonivutia mimi ni mhariri wa pili. Ranger huyohuyo, miaka minane kabla, 1975, alikuwa ametoa kitabu kizima juu ya ngoma yetu ya beni, ile ya gwaride na tarumbeta, na humo sketi ya Kiskoti inaonekana ikipita katika mitaa ya Mombasa, imevaliwa na Waswahili.

Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa Mombasa walikuwa na vyama vya beni vilivyoshindana kufa na kupona, na viwili kati yake viliitwa Kingi na Scotchi. Scotchi walijivika Uskoti kama Kingi walivyojivika ufalme. Mashindano yalikuwa ya mavazi, ya tarumbeta, ya nyimbo za kumchoma mwenzako, na ya karamu: ng'ombe wangapi wamechinjwa, wageni wangapi wameshiba, nani amefilisika akijitutumua. Wanawake walikuwa na vyama vyao vya lelemama, na uhasama wa Ibinalwatan na Banu Saada ulikuwa mkali kama wa waume zao, pengine zaidi. Bara, katika Tanganyika, majina yakawa Marini na Arinoti, na kila chama kilikuwa na wafalme wake, majenerali wake, magavana wake na madaktari wake, wenye vyeo vilivyoandikwa na kupandishwa na kushushwa.

Wasomi wameulizana sana kama vijana hawa walikuwa wakiwaiga wazungu au wakiwadhihaki. Swali hilo limenichosha, na nadhani hata wao lingewachosha. Angalia chama kilivyofanya kazi baada ya ngoma kwisha. Mwanachama akiugua, analetewa chakula. Akifa mbali na ukoo wake, chama kinamnunulia sanda na kumchimbia kaburi. Mmarini aliyeshuka katika mji asioujua aliwatafuta Wamarini wa pale, akapata mkeka wa kulalia na mtu wa kumwambia kazi inapatikana wapi. Ukitaka watu wakuzike, sharti kwanza wajue kwamba umekosekana. Na gwaride, kwa ugumu wake wote wa kijeshi, ni chombo kizuri cha kugundua aliyekosekana: mstari una pengo.

Beni ilisafiri na vita. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliibeba. Mwaka 1916 kikosi cha kusini cha Force Publique, chini ya Olsen, Mdenmark aliyetumikia jeshi la Wabelgiji, kilivuka kutoka upande huu wa Ruzizi, na tarehe 19 Septemba majeshi ya Kongo yakaingia Tabora. Nyuma ya kila bunduki kulikuwa na msururu wa watu wenye mizigo vichwani, na waliorudi hawakurudi na makovu peke yake. Miaka ya 1920 ngoma hiyo, kwa jina la mbeni, ilikuwa na vyama vyake Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Wabelgiji waliitazama kwa jicho la pembeni. Waingereza kule Rhodesia ya Kaskazini walifika mbali zaidi: Mei 1935 wachimba shaba wa Mufulira, Nkana na Luanshya walipogoma, na watu sita wakauawa kwa risasi Luanshya, tume ya uchunguzi ilikaa ikauliza, pamoja na mambo mengine, kama ni chama cha ngoma kilichoupanga mgomo. Maofisa wale hawakuwa wajinga. Waliona kwamba mahali pa watu kuchezea pana orodha ya majina, mchango wa kila mwezi, barua zinazokwenda mji mwingine na kujibiwa. Walichoshindwa kuona ni kwamba vitu hivyo vinaweza kuwepo kwa ajili ya maziko.

Njia ya pili ambayo Uskoti uliingilia ngoma zetu inapita Ugikuyu, na ina kichekesho chake. Mwaka 1929 misheni za Kiprotestanti, ile ya Kanisa la Uskoti ikiwa mstari wa mbele, zilipambana na waumini wao juu ya tohara ya wasichana. Vijana wakajibu kwa muthirigu, ngoma ya nyimbo za kuwakejeli wamisheni na machifu, na mwanzoni mwa 1930 serikali ikaipiga marufuku. Miaka michache baadaye vijana wa nchi ileile wakawa wanacheza mwomboko: jozi kwa jozi, mwanamume na mwanamke, kodiani ikilia na karing'aring'a ya chuma ikigongwa, hatua mbili na kuinama. Wazee wengi wa huko husema mwomboko uliigwa kwa ngoma za wazungu, za Waskoti zikiwemo. Basi mmisheni aliingia mlango wa mbele na sheria, kodiani ikapita uani. Leo mwomboko unahesabiwa kuwa ngoma ya jadi ya Wagikuyu, wazee wanaucheza kwenye sikukuu za taifa, na sioni kwa nini usihesabiwe hivyo. Sketi ya yule Mwingereza wa chuma imekuwa ya jadi kwa njia hiyohiyo: watu waliivaa, wakaifua, wakawarithisha watoto wao.

Bukavu hatuna klabu ya ngoma za Uskoti. Tuna korteji.

Msomaji wa pwani huenda asiijue. Harusi ya hapa, baada ya mahari na ng'ombe zake, baada ya serikali na kanisa, inaishia ukumbini, na ukumbini maharusi hawaingii hivihivi. Wanatanguliwa na vijana, jozi kwa jozi, wamevaa nguo za rangi moja, wanaingia kwa kucheza. Mistari miwili inasogea kutoka mlangoni hadi mbele, inafunguka, inafunga, inapishana, inageuka, na wageni wanasimama juu ya viti na simu zao. Haionekani kuwa ngumu. Lakini imechukua majuma ya mazoezi, katika uwanja wa nyumba fulani huko Kadutu au Panzi, ambako hakuna futi kumi za ardhi iliyo sawa. Mji huu umejengwa mteremkoni. Mstari wa wasichana ukiwa juu, wa wavulana uko chini kwa nusu mita, na siku ya kuingia ukumbini wanashangaa sakafu ilivyo bapa na wanajikwaa kwa kukosa mlima.

Mwalimu wa korteji ni mtu wa kuheshimiwa. Mara nyingi ni kijana asiye na kazi nyingine ya kueleweka, mwenye bafle, yaani spika, ya kuchaji na kipaji cha kupaza sauti bila kukasirika. Anapanga jozi kwa urefu, na hapo ndipo machozi ya kwanza yanapotoka, kwa sababu urefu haujui nani alitaka kusimama na nani. Anahesabu kwa Kifaransa kwani ndivyo alivyofundishwa kuhesabu, anatukana kwa Mashi ili mama wa nyumba asisikie vizuri, ingawa mama wa nyumba naye ni Mshi. Umeme ukikatika, anaimba mwenyewe. Mvua ikija, wanaingia wote sebuleni na kuendelea kwa mabega tu, miguu imetulia, maana hakuna nafasi.

Wavulana ndio shida. Wasichana wanafika, wavulana wanatuma salamu. Nimekaa kwenye mazoezi ambako binti mmoja alicheza jioni nzima mkono wake umekunjwa kushika kiwiko kisichokuwepo, na hakuna aliyempa jina zuri la mtu yule. Mzimu ungemfaa.

Halafu harusi inapita. Jumapili watu wanalala, Jumatatu picha zinazunguka, na korteji imekwisha. Hili ndilo linaloniuma ninapolinganisha na ukumbi wa Glasgow. Vijana kumi na sita wameshajua nani anachelewa na kwa nini, nani ana pumu, nani nyumbani kwao hawali mchana, nani akishikwa mkono anatetemeka. Kwa majuma yale wamekuwa jambo ambalo Marini na Arinoti wangelitambua mara moja. Na sisi tunalivunja kwa sababu keki imekatwa. Mara chache wanabaki: wanaanzisha likelemba, kila juma mmoja anapokea mchango wa wote, na nimesikia likelemba zilizozaliwa kwenye korteji na kuishi kuliko ndoa yenyewe. Lakini mara nyingi wanatawanyika, na harusi inayofuata inaanza upya na watu wengine, na mwalimu anahesabu tena kutoka moja. Tuna jamaa, tuna kanisa, tuna mutuelle, vyama vya kusaidiana, za ukoo na za kijiji; nadhani ndiyo maana hatuoni haja. Vyote hivyo, hata hivyo, mtu anazaliwa ndani yake au anaokolewa ndani yake. Klabu ya ngoma haikuulizi ukoo wala wokovu. Inakuuliza kama Jumanne utakuja.

Nimelifikiria zaidi jambo hili tangu Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu. Mabenki yalifungwa. Maelfu walikwenda zao, wengi wakivuka kuingia Burundi, wengine Kampala au Nairobi kama walikuwa na mtu wa kuwapokea, wengine vijijini. Mji unapopungukiwa watu kwa namna ile, unagundua kwamba hauna daftari. Ukoo unawajua watu wake na parokia inawajua wake. Lakini yule kijana wa jozi ya mwisho katika korteji ya mwaka juzi, aliyekuwa akichekesha wote, yuko wapi? Hakuna ambaye kazi yake ni kuuliza. Unamkumbuka ghafla ukiwa umepanga foleni ya maji, na huna hata namba yake, kwa sababu kundi la WhatsApp la mazoezi lilifutwa siku ya pili baada ya harusi.

Kuna rili moja ambayo mama mdogo aliicheza miezi mingi kabla ya kuambiwa ilikotoka. Juni 1940 Divisheni ya 51 ya Waskoti wa milimani ilizingirwa na Wajerumani pwani ya Ufaransa, St Valery-en-Caux, ikajisalimisha. Baadhi ya maofisa wake walifungwa katika kasri la Laufen, Bavaria. Humo, luteni aliyeitwa Jimmy Atkinson na wenzake wakatunga ngoma. Walikuwa wanaume peke yao, kwa hiyo nusu yao walisimama upande wa wanawake na kujifunza hatua za upande huo. Katikati ya mchezo wachezaji wanashikana mikono na kunyooka kwa mshazari, upande mmoja kisha mwingine, hata wanachora msalaba wa Mtakatifu Andrea, ule wa bendera yao. Ngoma ikafika nyumbani, ikachapishwa, ikapewa jina la divisheni, na leo inachezwa kila mahali penye klabu. Mama mdogo alipoelezwa alikasirika kidogo. Alikuwa ameicheza akicheka. Alitaka angalau mtu amwambie mapema, ili acheke akijua.

Mimi namfikiria aliyekuwa na kazi ya kuwaita watu kwenye mazoezi yale. Mahali ambapo hesabu ya asubuhi na ya jioni ilikuwa ya mlinzi, kuhakikisha hakuna aliyetoroka, yeye alikuwa na hesabu yake nyingine, kuhakikisha jozi zinatosha. Majina yaleyale, siku ileile, orodha mbili. Sijui ni ofisa gani wa koloni angeweza kuzitofautisha kwa kuzitazama karatasi peke yake.

Sitaki kuusifu mchezo wa Waskoti kupita kipimo. Una haki ya aina yake, ndiyo: aliye juu anacheza duru zake mbili na kushuka, hata awe nani, na muziki haumngoji. Mfalme wa beni hakushuka namna hiyo. Alibaki mfalme, na mchango wake ulizidi wa wengine, na kiburi chake pia. Lakini haki ya mashine ni baridi. Wachezaji wa beni walijua kumtia mtu joto, kumtungia wimbo, kumwaibisha hadharani kwa ubahili wake, na walipomzika walimzika na cheo chake. Mama mdogo anasema klabu yake ikifiwa, watu wanasimama kimya kidogo, halafu mwalimu anasoma mchezo unaofuata. Yeye angetaka kelele zaidi.

Mwezi uliopita nilimwonyesha mwalimu mmoja wa korteji, hapa Ibanda, video aliyonitumia mama mdogo. Aliitazama akiwa ameegemea bafle yake, bila kusema kitu, kisha akarudisha nyuma akatazama tena. "Mzee, sasa bibi arusi anapitia wapi?" akaniuliza. Nikamwambia hakuna bibi arusi. "Na wageni? Hawa wanatazamana wao kwa wao. Mtu amelipa zawadi yake, amekaa, anaonyeshwa migongo?" Nilijaribu kumweleza kwamba huko hakuna wageni, wote wanacheza. Alinitazama kwa huruma anayostahili mtu aliyekaa sana na vitabu, akasema basi hiyo si ngoma, hayo ni mazoezi tu, na kwa mazoezi halipwi mtu.

Hata hivyo alichukua kipande. Ni pale ambapo wanne wananyoosha mikono ya kulia hadi katikati, wanashikana, na kuzunguka kama gurudumu. Amekiingiza katika wimbo wa pili, kabla maharusi hawajafika mbele, na anakiita nyota. Wavulana walilalamika kwanza kwamba mikono itatoka jasho. Kisha wakagundua kwamba nyota ya watu watatu inaonekana na ukumbi mzima, hata na bibi aliyekaa nyuma kabisa karibu na masanduku ya Fanta, na kwamba atakayekosa kufika atatajwa kwa jina kwenye mkutano wa familia. Sasa wanafika. Asiyeweza anamtuma mdogo wake wa urefu uleule, na koti lake. Mwalimu naye amepandisha bei ya mafunzo kwa ajili ya nyota hiyo, anasema imetoka Ulaya, na baba wa bibi arusi anamwambia gurudumu lolote lililoko Bukavu limetoka Ulaya, hakuna la kulipia zaidi. Jumamosi iliyopita bado walikuwa hawajaelewana.